Aliyetoka Bila Ruhusa

Jumanne, 1 Oktoba

Daftari hili ni amri, si hiari yangu. Chama cha waamuzi wa wadi kimesema kila mshika kibendera aandike yaliyotokea baada ya kila mechi, kwa sababu msimu uliopita tulilaumiwa sana na kila mmoja wetu alijitetea kwa kusema amesahau. Mimi sisahau. Mimi ni Muthoki, mwalimu wa darasa la sita hapa Matinyani, na nimeshika kibendera miaka minane bila kuzomewa kwa haki hata mara moja. Kuzomewa bila haki nimezoea, ndiyo kazi yenyewe.

Ligi inaanza Jumamosi. Uwanja wa juu umechimbwa ili kujengwa tangi la maji, kwa hiyo tumerudishwa uwanja wa zamani, ule wa kando ya mto. Haujachezewa miaka kumi na moja. Nilipomwambia Mama aliacha kula, akaniuliza kama nyasi zimefyekwa. Nikasema zimefyekwa.

"Vizuri," akasema. "Ataona njia."

Alikuwa anamzungumzia Ndolo, kaka yangu. Ndolo alichukuliwa na maji ya mto huo mwezi wa Novemba, miaka kumi na moja iliyopita, na mwili wake haukuonekana. Kwa Mama, mtu ambaye hajaonekana hajafa. Hatukumzika, hatukumwombea, na tangu siku hiyo mlango wa nyumba yetu haujawahi kufungwa kwa komeo. Tunaurudisha tu, na upepo ukivuma Mama hugeuza shingo. Mimi nilijua amekufa tangu wiki ya kwanza, ila kusema sijasema.

Jumamosi, 5 Oktoba

Matinyani 0, wageni 1. Na goli lenyewe nimewapa mimi, kama unavyosikia wanavyosema huko nje.

Sheria ya kuotea ni nyepesi, watu ndio wazito. Mshambuliaji akiwa upande wa wapinzani na mpira unapigwa kwenda kwake, awe nyuma ya mpira, au kati yake na mstari wa goli wawepo wapinzani wawili. Kwa kawaida mmoja ni kipa na wa pili ni beki wa mwisho. Akiwa sawa na yule wa pili, yuko salama. Akimpita, kibendera juu, filimbi, basi. Hakuna kuotea kwenye mpira wa kurusha, wala kona, wala mkwaju wa goli. Watoto wangu wa darasa la sita wanaielewa kwa kipindi kimoja. Wazee wa kamati hawajaielewa tangu uhuru.

Dakika ya hamsini na tatu mpira mrefu ulipigwa kwa mshambuliaji wa wageni, kijana anaitwa Musyimi, mwenye mbio za swara. Mabeki wetu walikuwa wamepanda wote pamoja. Nikatupa jicho kwenye mstari wa goli na nikaona beki mmoja amebaki pale, hatua mbili kutoka mlingoti wa upande wangu, jezi ya kijani. Nikashusha pumzi. Kibendera chini. Musyimi akafunga.

Walinizunguka wote. "Madam, kwani unaona nini wewe? Hapo kulikuwa na kipa peke yake!"

Refa wa kati msimu huu ni Kihara, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyehamia huku kutoka Murang'a. Ni mtu wa taratibu, hata akitoa kadi anaitoa kwa adabu. Alinisogelea akauliza kwa sauti ndogo, "Muthoki, ni nani aliyemweka ndani ya sheria?"

"Yule wa pale kwenye mstari."

"Yupi?"

Niligeuka kumwonyesha. Palikuwa na kipa, akilia kwa hasira, na nyavu.

Jumapili, 6 Oktoba

Kanisa. Jua kali. Mhubiri amehubiri mpaka mtoto wa jirani akamaliza kula kitambaa changu.

Jumanne, 8 Oktoba

Tumepanda ndengu kwenye vumbi. Mvua ikija, ije.

Jumamosi, 12 Oktoba

Leo nilihesabu. Kabla ya mpira kuanza, kumi na moja wa kijani, kumi na moja wa njano. Dakika ya kumi, kumi na moja. Mpira ukiwa katikati ya uwanja huwa ni kumi na moja kila mara. Lakini mpira mrefu ukipigwa kuelekea goli letu na mabeki wakipanda, nikihesabu jezi za kijani napata kumi na mbili.

Sikukurupuka. Mimi si mtu wa kuona mambo, hata maleria ikinipanda huwa naona kuta tu. Nilimtazama vizuri. Alisimama kwenye mstari wa goli, mguu mmoja juu yake, mikono kiunoni, uso umegeukia katikati ya uwanja. Hakutazama mpira ulipompita. Kibendera changu hakikuinuka kwa sababu mkono haukukubali. Goli, kelele, Kihara akinitazama kwa huruma, ambayo ni mbaya kuliko kelele.

Mechi ilipokwisha nilisema nakwenda kuokota kibendera cha kona. Mistari ya uwanja wetu huchorwa kwa majivu. Hapo alipokuwa amesimama majivu yalikuwa yameloana na kushikana, alama ya unyayo mmoja, na maji bado yanang'aa ndani yake. Mvua haijanyesha hapa tangu Mei.

Jumapili, 13 Oktoba

Sikwenda kanisani. Nimesema ni kichwa.

Jumatano, 16 Oktoba

Jioni Mama alikuwa anachagua ndengu kwenye ungo. Kuna kitu nataka kuandika kama kilivyokuwa, bila kukipamba.

Aliniuliza, "Hiyo ofsaidi yenu ni kitu gani hasa? Ndolo alinieleza, nimesahau."

Nikapanga punje juu ya ungo. Hii kipa, hizi mabeki, hii mshambuliaji. Mama ana miaka sabini na miwili na alielewa haraka kuliko kamati nzima. Kisha akatoa punje moja ya ndengu kutoka safu ya mabeki, upande wa kushoto, akaiweka kwenye ukingo kabisa wa ungo.

"Na huyu?"

"Huyo ametoka nje, Mwaitu," nikasema, yaani mama kwa Kikamba. "Hachezi tena."

"Ametoka tu mwenyewe. Hakuna aliyemwambia atoke. Huyu mnamhesabu au hammhesabu?"

Nilipangua punje nikazipanga upya. Mimi, mwenye miaka minane ya kibendera. Mama aliitazama punje ile kwa muda, akaifunika kwa kiganja.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimetoa kitabu cha sheria chini ya godoro. Sheria ya kumi na moja, nimeisoma mara tano kwa sauti katika ofisi ya walimu kila mtu alipokwenda chai. Mlinzi anayetoka uwanjani bila ruhusa ya mwamuzi atahesabiwa kuwa yuko kwenye mstari wa goli, hadi mchezo usimame, au hadi timu yake iondoe mpira kwenye eneo lake la hatari kuelekea katikati ya uwanja.

Atahesabiwa kuwa yuko kwenye mstari wa goli.

Ngoja niandike siku ile. Sijawahi kuiandika.

Matinyani walikuwa wanacheza na timu ya ng'ambo. Ndolo alikuwa beki wa kushoto, jezi namba tatu ya kijani, na mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya goli letu nikiuza ndizi za chama cha akina mama. Kwetu hapakuwa na wingu. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, huko mlimani, na hapa mto ulikuwa mchanga mtupu, mweupe, na wanawake walikuwa ndani yake wakichota maji kwenye visima vya mchangani. Mama alikuwa mmoja wao, na punda wake.

Zilibaki dakika chache. Mshambuliaji wao, Ndululu, alikuwa na mpira mguuni ndani ya eneo letu la hatari. Ndolo ndiye aliyekuwa karibu na mto na ndiye aliyesikia. Aligeuza kichwa, akaacha kumkaba Ndululu, akatoka uwanjani mbio kupitia kona. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Maji yalikuwa yanakuja kwenye ule mchanga mkavu na mti mzima mbele yake. Alimsukuma Mama hadi kwenye ukingo. Kisha akarudi kumfungua punda.

Watu wote walikimbilia mtoni. Ndululu aliuacha mpira pale pale. Refa siku hiyo alikuwa Mzee Kiema, mwashi wa mawe, na yeye pia alikimbia. Hakuna aliyepuliza filimbi. Siku ya tatu punda alirudi nyumbani peke yake, kamba shingoni.

Kwa hiyo mpira haukutoka nje. Hakuna aliyeuondoa kwenye eneo la hatari. Mchezo haukusimama.

Jumamosi, 19 Oktoba

Ni yeye. Namba tatu, nimeiona alipogeuka kidogo. Jumamosi mbili zilizopita nilidhani ana miguu iliyoloana tu. Leo amelowa hadi magotini, soksi zinachuruzika, na jua linawaka hivi kwamba Kihara amesimamisha mchezo mara mbili watu wanywe maji.

Sikuogopa wakati ule. Nimeogopa nilipofika nyumbani na kukuta Mama ameanika taulo kwenye kiti cha mlangoni.

Jumatatu, 21 Oktoba

Mawingu upande wa Mui. Joto la kukaba.

Ijumaa, 25 Oktoba

Shule imefungwa. Saa kumi jioni mvua ya kwanza imeanguka, matone makubwa ya kuhesabika, halafu yote kwa pamoja. Watoto wamecheza, kuku wamekimbia. Mama ametoka, akavuka shamba, akasimama kwenye njia inayoteremka uwanjani, bila mwavuli, leso kichwani. Nilimfuata nikamshika mkono. Ulikuwa baridi.

"Mwaitu, utapata nimonia."

"Mvua ya kwanza ndiyo watu hurudi nayo," akasema. "Niache kidogo."

Jumamosi, 26 Oktoba

Uwanja una tope. Amelowa hadi kiunoni. Mkono wa kulia ameuinua sasa, kiganja wazi.

Kamati imeniita. Mechi nne, magoli manne ya kuotea, wanasema, na yote kwenye mstari wangu. Wamenipa Jumamosi moja ya mwisho. Kihara alinitetea hadi akachoka.

Jumanne, 29 Oktoba

Mvua. Mama amesimama njiani asubuhi na jioni. Anakohoa.

Jumamosi, 2 Novemba

Leo nimefanya jambo ambalo sitalisahau.

Dakika ya thelathini, mpira mrefu, Musyimi huyo tena, amebaki na kipa. Na Ndolo, kwenye mstari, amelowa hadi kifuani, mkono juu. Nilimwona waziwazi kuliko ninavyoona kalamu hii. Nikafikiria kamati, nikafikiria zile kelele, nikafikiria miaka yangu minane. Nikainua kibendera.

Kihara akapuliza. Watu wa kwetu wakanishangilia. "Sasa umeamka, madam!" Mmoja alinirushia ndizi. Ndolo alishusha mkono wake taratibu, na akanitazama. Ni mara ya kwanza kunitazama mimi. Hakukasirika. Alikuwa na uso wa mtu aliyebisha hodi akasikia watu ndani wananyamaza.

Nilifika nyumbani kabla ya giza. Mama alikuwa ameketi mlangoni, nguo zinadondosha maji. Hakwenda uwanjani leo, jirani alikuwa naye mchana kutwa.

"Muthoki," akasema, "kwa nini umemwambia hayupo?"

Jumapili, 3 Novemba

Sikulala.

Jumanne, 5 Novemba

Mama ameanguka njiani kwenye mvua. Jirani ndiye aliyemkuta. Tumembeba kwa kitanda hadi zahanati. Mapafu, wamesema, yote mawili. Daktari ni msichana mdogo mwenye sauti ya upole. Alinivuta pembeni: "Madam, dawa tunampa, lakini akirudi kusimama kwenye mvua hata mara moja, sitakudanganya."

Nikamwambia hatarudi. Kisha nikaingia wodini na kumkuta Mama amekaa kitandani anavaa viatu.

Alhamisi, 7 Novemba

Ligi imeahirishwa kwa sababu ya tope. Mama namlinda kama mahabusu. Anauliza kila saa kama mvua imekatika. Mtu anayeuliza hivyo hataki ikatike.

Ijumaa, 8 Novemba

Leo nimekwenda kwa Mzee Kiema. Miaka kumi na moja sijamsalimia. Tukikutana sokoni mimi huvuka barabara. Niliamini yule mzee ndiye aliyemuua kaka yangu kwa woga wake: aliona mchezaji akitoka, hakupuliza, hakusimamisha, alikimbia na watu. Chuki hiyo nimeilea vizuri kuliko shamba.

Nilimkuta kwenye baraza lake, macho yote mawili yana utando mweupe. Haoni hata mkono wake. Hakujenga nyumba nyingine tangu mwaka ule, na mimi sikuwa nimejua, kwa sababu sikuuliza.

"Mwiitu wa Nduku," akasema kabla sijafungua mdomo, yaani binti wa Nduku, jina la Mama. "Nimekujua kwa mwendo. Unatembea kama mtu wa laini ya uwanja, kwa upande."

Nilimuuliza bila salamu. "Kwa nini hukupuliza filimbi?"

 Akaingiza mkono ndani ya shati na kutoa filimbi ya chuma iliyofungwa kwa uzi wa kiatu. Imechakaa, ina kutu ya kahawia.

"Jioni ile nilirudi uwanjani," akasema. "Nilisimama kati, nikaiweka mdomoni. Mchezo lazima uishe, hata kama kumetokea nini. Hiyo ni kazi ya refa. Mama yako alikuwa pale, ameloa hivyo hivyo. Akanishika mkono. Akaniambia, 'Kiema, usipulize mpaka mtoto arudi. Ukipuliza utakuwa umesema yamekwisha.' Mimi ningefanya nini? Alikuwa mama. Nikameza pumzi yangu. Mpaka leo sijapuliza hii kitu, hata kwa kuku."

"Na ukaacha watu wakulaumu."

"Ningesema ni yeye? Ai, Muthoki."

Nililia pale barazani, na sikulia kwa adabu. Aliniacha nilie. Halafu akaniuliza swali ambalo limenikausha machozi.

"Bado amesimama mlingoti wa upande wa mto?"

Sikuwa nimemwambia lolote. Wala yeye hajakanyaga uwanja huo tangu macho yake yaharibike.

"Mchezaji aliyetoka hawezi kuingia bila refa kumpa mkono wa ruhusa," akasema. "Na hawezi kwenda zake bila refa kumpa mkono. Anasubiri mimi. Na mimi namsubiri mama yako."

Jumapili, 10 Novemba

Nimemwambia Mama.

Nimemwambia yote, nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa kitanda cha zahanati, mvua ikipiga mabati hivi kwamba nililazimika kusema kwa nguvu mambo ya kunong'ona. Nilitarajia afurahi kuwa nimemwona. Alifurahi. Uso wake ulifunguka, nikamwona alivyokuwa zamani, kabla ya mto.

"Amevaa nini?"

"Jezi yake, Mwaitu. Ile ya kijani."

"Anaonekanaje? Amekonda?"

Ningeweza kumdanganya. Alikuwa mgonjwa, na uongo wa namna hiyo hata kanisani wangenisamehe. Lakini nilikuwa nimeshamdanganya mmoja wao Jumamosi ile.

"Amelowa," nikasema. "Mwanzo ilikuwa miguu tu. Kila Jumamosi maji yanapanda. Sasa yako kifuani. Anatetemeka, Mwaitu. Anaomba ruhusa na hakuna anayempa."

 Mama akaanza kupapasa blanketi lake, analivuta, analikunja, kama anayetaka kumpa mtu.

"Nimemweka kwenye maji," akasema. "Miaka kumi na moja. Yeye alinitoa, mimi nikamweka."

Nilimkumbatia. Alikuwa mwepesi sana. Alilia kilio ambacho hakulia siku ile, kile ambacho akina mama wa kijiji walimngojea alie na hakulia. Wauguzi walikuja, wakaona, wakarudi.

Baadaye, akiwa amefumba macho, alisema, "Mwambie Kiema. Lakini nitakuwepo."

Jumatano, 13 Novemba

Kihara amewaita wachezaji wa zamani wa timu zote mbili. Sikumweleza sababu yenyewe. Nilisema ni kumalizia mechi, kwa ajili ya Mama. Alinitazama, akasema kwao pia kuna mambo hayaachwi nusu, na akajitolea kuchora mistari yeye mwenyewe.

Mvua haijakatika siku tatu. Mto unasikika hadi jikoni.

Jumamosi, 16 Novemba

Saa nane mchana mvua ilikatika yenyewe. Kulikuwa na mwanga wa njano usio na jua. Watu walikuja bila kuitwa, wakasimama pembeni, hakuna aliyeuza kitu.

Wachezaji ni wazee sasa. Ndululu ana bucha na tumbo la bucha. Kipa wetu ana miwani. Matinyani walikuwa kumi, na upande wa beki wa kushoto waliuacha wazi bila kuambiana. Mama alikuwa kwenye kiti karibu na mstari wa katikati, amefungwa mablanketi mawili, daktari mdogo amesimama nyuma yake na mwavuli. Mzee Kiema aliongozwa na Kihara hadi ndani. Kwapani alikuwa na mpira wa mechi ile, ngozi imebabuka. Alikuwa ameutunza na kuujaza upepo miaka yote.

Kihara alimuuliza kama wataanza kwa refa kuudondosha mpira.

"Hakuna kuanza," Mzee akasema. "Haukusimama. Tunaendelea."

Akauweka ndani ya eneo la hatari, pale pale Ndululu alipouacha. Nilishika kibendera changu nikaenda kwenye laini. Sikutaka kutazama mstari wa goli. Nikatazama.

Maji yalikuwa yamefika shingoni. Hayakuwa popote pengine, nyasi zilikuwa nyasi, lakini yeye alikuwa ameinua kidevu, kama mtu anayevuka maji asiyoyajua kina. Mkono juu, kiganja wazi. Alikuwa anamtazama Kiema.

Mzee asiyeona aligeuka. Hakupapasa, hakuuliza. Aligeuka moja kwa moja kwa mlingoti wa upande wa mto, akasimama wima, kisha akageuza uso kwa Mama.

"Nduku," akaita. "Nimpe?"

 Nilisikia mto. Nilimwona Mama akitoa mkono mmoja kutoka kwenye blanketi.

"Mpe," akasema. "Mwambie aende. Mwambie nilifika juu salama."

Mzee Kiema aliinua mkono, akaushusha kuelekea nje ya uwanja, ile ishara ambayo kila mchezaji anaijua. Toka, umeruhusiwa.

Ndolo alishusha mkono wake. Alimtazama Mama kwa muda, na mimi kidogo, na nilitaka kusema jambo, jina lake tu. Akageuka. Alitoka kupitia kona, anatembea tu, bila haraka, na kwa kila hatua maji yalimshuka, kifuani, kiunoni, magotini. Alipofika kwenye vichaka vya ukingo alikuwa mkavu.

Kisha Ndululu, ambaye hakujua lolote, alifanya alichopaswa kufanya siku ile. Alimwona mwenzake amesimama mbele ya goli, akampigia pasi. Mwenzake alikuwa mbele yake kwa hatua tatu, na mbele ya mwenzake alikuwa kipa mwenye miwani peke yake, na nyuma ya kipa mstari wa majivu mweupe, mkavu, mtupu kutoka mlingoti hadi kona.

Niliuangalia mstari ule. Najua ilikuwa sekunde moja. Nilijua pia kwamba nikiacha mkono chini, mchezo utaendelea, na labda Jumamosi ijayo nitamwona tena.

Nikainua kibendera.

Mzee Kiema hakuweza kukiona. Alipuliza. Ilikuwa sauti kavu, yenye kutu, halafu ikasafika ikapanda juu ya mto. Alipuliza tena, na mara ya tatu kwa muda mrefu, mpaka pumzi ikamwishia. Ndululu alikaa chini kwenye tope akashika kichwa. Watu walianza kulia mmoja mmoja, halafu akina mama wakaanzisha wimbo wa kumuaga mtu.

Nilimwendea Mama. Alikuwa anatetemeka. Nikamuuliza kama anataka kubaki kidogo.

"Twende ndani," akasema. "Nasikia baridi."

Jumapili, 17 Novemba

Daktari amemruhusu Mama arudi nyumbani. Ibada ya Ndolo imepangwa Ijumaa. Mhubiri ameahidi kuwa mfupi, tutaona. Jioni hii mvua imeanza tena. Nilikuwa jikoni nachemsha muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, niliposikia kitu ambacho sikukijua mara moja, chuma kikisuguana na chuma, kigumu kwa kutotumika. Nikachungulia. Mama alikuwa amesimama mlangoni kwa miguu yake, amesukuma komeo hadi mwisho.